Siku Baba Alipotutembeza Madukani

Baba yangu, Revocatus, hakuwa mtu wa maduka. Alikuwa akiingia dukani anataja anachotaka, analipa, anatoka kabla muuzaji hajamaliza kuitikia salamu. Kwa hiyo Jumanne moja ya mwezi wa sita, alipotangaza wakati wa chai kwamba Alhamisi tungekwenda Tabora sote wanne kutembea madukani, mama alikiweka kikombe chini akamtazama.

"Kununua nini?"

"Tutajua huko huko."

"Baba Levina, mtu haendi mjini kutafuta cha kununua. Anakwenda akijua."

"Safari hii tunakwenda bila kujua," baba akasema, akainuka, akatoka nje. Tukamsikia akizunguka nyumba mara moja, mara ya pili, kama mtu aliyepoteza jembe.

Mimi ndiye Levina. Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi nyumbani kwa likizo. Mdogo wangu Minza alikuwa na miaka saba. Tunakaa nje kidogo ya Sikonge. Baba anafuga nyuki porini, mama analima tumbaku na mahindi. Mjini tulikuwa tunakwenda kwa sababu maalumu: ugonjwa, sare za shule, arusi ya ndugu. Kwenda kutembea tu, sikuwahi kusikia.

Alhamisi tuliondoka alfajiri na Shilinde, rafiki wa baba, ambaye hupeleka ndoo za asali Tabora kwa gari lake la mizigo. Siku zote baba hukaa nyuma na ndoo, anasema mbele kunambana magoti. Siku hiyo alikaa mbele. Njia nzima hakutulia. Alishusha kioo akapandisha, akauliza tumefika wapi, akauliza tena. Nilimwona Shilinde akimgusa bega mara mbili.

Tuliposhuka karibu na stesheni, Shilinde akatuambia, "Saa kumi kamili nawachukua hapa hapa. Tembeeni vizuri." Akamgeukia baba. "Revo, tafadhali."

"Nimesikia," baba akasema, na tayari alikuwa ameanza kwenda.

Duka la kwanza lilikuwa la vitenge, kwenye nyumba moja ya zamani yenye mlango mzito wa kuchongwa. Baba alisimama mbele ya mlango ule kabla ya kuingia. Alirudi hatua tatu nyuma akautazama, akasogea akautazama kwa karibu, kisha akapitisha kidole kwenye maua yaliyochongwa. Watu wakawa wanapita wakimkwepa. Mwenye duka, mama wa makamo aliyevaa baibui, akatoka kuona kuna nini.

"Shikamoo," tukamwamkia mimi na Minza.

"Marahaba wanangu. Karibuni. Naona mzee kaupenda mlango. Huo ulichongwa enzi ya babu ya babu yangu. Alikuja na misafara kutoka pwani, akaambiwa wanapumzika wiki mbili halafu wanaendelea na safari ya Ujiji. Hakuendelea. Ndiyo sisi hawa tupo mpaka leo." Akacheka. Jina lake lilikuwa Kuluthumu, na alionekana mtu anayependa wateja wa kuzungumza nao.

Ndani, baba aliomba afunguliwe kitenge cha bluu. Kisha cha njano. Kisha kile cha juu kabisa, kisha kilichokuwa chini yake. Kila kimoja alikishika kwa mikono miwili mbele ya uso wake. Halafu akaanza kutuvalisha. Alimtupia mama kimoja begani, Minza kingine, akawasimamisha penye mwanga.

"Rudini nyuma kidogo. Tena kidogo. Hapo hapo. Geukeni."

Minza alizunguka akicheka. Mama aligeuka nusu akasimama. "Baba Levina, mama wa watu atakunja vitenge hivi mpaka jioni."

"Mwache atazame," Kuluthumu akasema. "Wanaume wengine wananisimamia mlangoni wakipiga miayo."

Mama alichagua cha zambarau chenye ndege weupe. Nakumbuka alivyokikunja na kukikunjua, akikipeleka shavuni wakati anadhani hatumwoni. Mimi nilikataa kuvalishwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na pale nje walikuwa wamesimama wasichana wa mjini wenye simu mkononi.

Tulipokuwa tunatoka, baba aliligonga kwa bega lile sanamu la kuvalishia nguo lililosimama kando ya mlango. Likayumba. Baba akalidaka mkono, akainamisha kichwa, akasema kwa heshima zote, "Samahani sana, mama."

Wale wasichana walicheka mpaka wakashikana. Minza naye alicheka, akadhani baba anafanya mzaha. Mimi masikio yalinichoma.

Toka hapo ikawa mbio. Duka la viatu, tukatoka. Duka la redio na spika, tukatoka. Duka la taa za kuning'iniza, ambako baba alisimama kinywa wazi chini ya taa iliyotengenezwa kwa vipande vya kioo, akaomba iwashwe, ikawashwa, akaomba izimwe iwashwe tena. Hakununua. Kila tulipodhani tumemaliza, yeye alikuwa ameona kibao kingine huko mbele. "Na hili. Hili la mwisho." Halikuwa la mwisho. Mama alilalamika miguu, Minza akalalamika njaa. Mimi nilitaka kuingia duka moja tu, la vifaa vya simu, nisimame dakika kumi kwa utulivu, lakini kila nikisimama naitwa.

"Levina, njoo uone!"

"Baba, hizo ni beseni."

"Ndiyo. Njoo uone rangi zake."

Hapo kwenye beseni ndipo mambo yalipoharibika. Lilikuwa duka la vyombo, na mwenye duka alikuwa amepanga sufuria za saizi zote chini, mnara upande huu na mnara upande ule, katikati pameachwa njia nyembamba. Baba aliingia akitazama beseni zilizoning'inia mbele. Mguu wake wa kushoto ukapiga mnara wa kwanza. Akajirudi upande wa kulia, akapiga wa pili. Kelele zile nadhani zilisikika mpaka sokoni. Vifuniko vilibingirika hadi barabarani, bajaji ikapiga honi. Watu wakajaa mlangoni.

"Mzee kalewa," mtu mmoja akasema.

"Asubuhi yote hii?"

Mama aliinama akaanza kuokota vifuniko, akimwomba radhi mwenye duka. Walipomaliza kupanga, alimvuta baba pembeni ya jengo, akasogeza pua karibu na mdomo wake. Mama yangu, ambaye hata sauti hapandishi mbele za watu, alifanya hivyo mchana kweupe.

"Umekunywa?"

"Tangu alfajiri tuko wote. Ningekunywa saa ngapi?"

"Basi una nini?"

"Sina kitu. Twende, kuna fundi saa pale."

"Sitaki fundi saa! Nataka kukaa chini. Nataka uniambie tumekuja kufanya nini huku!"

Baba alimtazama. Kisha akaanza kutembea. Mama alimshika Minza mkono akamfuata, kwa sababu angefanya nini? Na mimi nikakaza mwendo, nikawapita wote, nikawaacha nyuma kama hatua kumi. Nilitaka mtu akiniona aone msichana anayetembea peke yake, asiye na uhusiano wowote na mzee yule. Nalisema hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Fundi saa aliitwa Sabiri. Alikuwa na meza ndogo ya kioo barazani, na alikuwa ameifungua saa moja ya zamani, matumbo yote nje. Nilipogeuka kuangalia kama wanakuja, nilimkuta baba keshainama juu ya meza ile.

"Lile gurudumu la tatu limepinda jino moja," baba akasema.

Sabiri akainua kichwa. "Umelionaje? Mimi mwenyewe nimeihangaikia nusu saa na lenzi." Akamkabidhi baba lenzi yake ya jichoni, na baba akakaa pale, kimya, akitazama vigurudumu vyembamba kama unywele vinavyozungushana. Kwa mara ya kwanza siku ile alitulia. Nilizidi kukasirika. Mtu anayeliona jino la saa anashindwaje kuona mnara wa sufuria?

Saa saba ilikuwa imepita. Mama alisema tuvuke barabara tutafute chakula, na safari hii hakuwa anaomba. Mimi nilivuka kwanza. Mama na Minza walisimama kusubiri bajaji ipite. Baba hakusubiri. Alishuka barazani akiwa amenikazia macho, akaingia barabarani moja kwa moja, na kutoka upande wake wa kulia ikaja baiskeli yenye kreti mbili kubwa za mikate.

Mwendesha baiskeli alipiga kengele. Alipiga kelele. Baba hakugeuza hata shingo. Wakaenda chini wote, mikate ikamwagika lami nzima.

Sikumbuki nilivyorudi barabarani. Nakumbuka nimepiga magoti na baba amekaa chini, kiwiko kinatoka damu, na yule mtu wa mikate amesimama juu yetu kwa hasira.

"Wewe mzee! Huoni?"

"Sioni," baba akasema.

Yule mtu akadhani anafanyiwa jeuri. "Huoni nini, na macho unayo?"

"Mbele naona. Huku sioni." Baba akainua mkono wa kulia kando ya uso wake. Kisha akainua wa kushoto. "Na huku sioni. Nisamehe, ndugu yangu. Mikate yako nimeiharibu."

Mama alikuwa amefika. Alisikia. Kitenge kilikuwa kimetoka kwenye mfuko na kinaburuta, wala hakujua.

Yule mtu wa mikate jina lake Mfaume. Hasira zilimtoka pale pale. Alimwinua baba kwa makwapa, akatupeleka kwenye mgahawa wa chai uliokuwa hatua chache, akatukalisha kwenye benchi. Alirudi kukusanya mikate, akaja na minne iliyopasuka. "Hii siwezi kuiuza tena. Kuleni. Na mwosheni kidonda kwa maji ya moto." Akaondoka akisukuma baiskeli yake iliyopinda gurudumu, na hakutaka kusikia habari ya kulipwa.

Tukabaki wanne na chai. Minza alikula mkate. Sisi wengine hatukugusa.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Ilianza zamani, sikujua. Mwezi wa tatu, wale madaktari wa macho walipokuja kupima watu pale wilayani, ndipo wakaniambia. Presha ya macho. Inakula pembeni taratibu, inakuja katikati. Sasa hivi ni kama nachungulia ndani ya mzinga kupitia kile kitundu chake. Kilichopo mbele nakiona vizuri kabisa, hata kiwe kidogo. Kingine chote hakipo."

Nikakumbuka mambo mengi kwa mpigo. Alivyoanguka kwenye ngazi ya kupandia mizinga mwezi ule ule wa sita akasema ameteleza. Alivyoacha kupanda baiskeli jua likishaanza kuzama. Alivyokuwa akimwita Minza kwa sauti, na Minza amesimama ubavuni mwake.

"Nani mwingine anajua?"

"Shilinde. Yeye ndiye aliyenipeleka."

Mama akasimama. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akakaa, akasimama tena. "Shilinde anajua. Na mimi ninayelala na wewe kitanda kimoja sijui."

"Nilitaka kwanza mje mjini."

"Ungesema tungekuja!"

"Mngekuja kama mnakwenda msibani," baba akasema. Alikuwa anakitazama kikombe chake. "Nyumbani nawaona kila siku. Nawaona mnapalilia, mnateka maji, mnafunga tumbaku. Miaka yote hii sijawahi kuwaona mkichagua kitu. Wewe na kitenge mkononi. Nikasema, nikiwahi, nilione na hilo. Halafu nilipofika, nikaona kila duka lina kitu sijakiona, na muda ni mpaka saa kumi."

Mama hakulia. Alimtolea macho tu. Mimi ndiye niliyeanza kulia, na nilipoanza, yote yakatoka: kwamba nilimwonea aibu, kwamba nilitangulia kwa makusudi ili watu wasijue ni baba yangu.

"Ulitangulia, ndiyo maana nilikuona," baba akasema, kama mtu anayenieleza jambo la kawaida. "Ungetembea ubavuni mwangu nisingekuona kabisa. Nimekutazama njia nzima. Unatembea kama bibi yako."

Sikujua nicheke au niendelee kulia.

"Walikupa dawa?" mama akauliza.

"Matone. Yaliisha."

"Yaliisha lini?"

 Baba alitoa karatasi kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, imelainika kwa jasho. Mama alinipa mimi niisome. Ilikuwa rufaa ya kumpeleka kliniki ya macho mjini. Ilikuwa na tarehe ya mwezi wa tatu, na chini yake daktari alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HARAKA. Alikuwa ameipigia mistari miwili.

"Haraka," mama akarudia. "Hili neno, Revocatus, ulilisoma?"

Sikuwahi kumsikia akimwita baba kwa jina lake.

"Nililisoma. Niliambiwa kilichokwenda hakirudi. Nikaona basi."

"Na kilichobaki? Walisema nini juu ya kilichobaki?"

"Walisema kinaweza kushikwa. Wakinipasua mapema."

Mama alichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja, akaitia kifuani. Ilikuwa saa nane kasoro. Aliniambia nikasimamishe bajaji. Nilipogeuka nilimwona amemshika baba mkono, vidole ndani ya vidole, anamtoa nje ya mgahawa. Pale mlangoni baba alisimama.

"Mama Levina, lile duka la pembeni mwa benki sijaingia. Dakika tano."

"Revocatus, panda."

Alipanda.

Kliniki muuguzi aliisoma karatasi, akaisoma tarehe, akamtazama mama badala ya baba. Hakutugombeza. Alimwingiza baba ndani. Tulisubiri kwenye korido. Mama alitembea mpaka mwisho wake akarudi, na Minza nyuma yake akihesabu vigae. Saa tisa na nusu daktari alitoka, akasema jicho la kushoto limebaki kidogo mno, la kulia bado lina kitu cha kuokoa. Ameanzishiwa matone pale pale, abaki mjini wamwone tena kesho asubuhi, kisha watamwandikia kwenda Mwanza kupasuliwa, na isizidi mwezi ujao.

Mama alipanga kila kitu amesimama. Wao wawili wangelala Ipuli, pale pale mjini, kwa binamu yake Advera. Mimi na Minza tungerudi na Shilinde, nilishe kuku, nimpeleke Minza shule likizo ikiisha kama wao hawajarudi. "Na mizinga?" nikauliza. Akasema nyuki wanajua kujitunza kuliko wanaume.

Tulimkuta Shilinde ameegemea gari. Aliponiona na Minza peke yetu, alivua kofia.

"Amesema?"

"Amegongwa na baiskeli, ndipo akasema."

Shilinde alitikisa kichwa, akatufungulia mlango. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka kliniki, lakini nilipoona jinsi anavyoshindwa kutia ufunguo kwenye tundu lake, niliyaacha.

Baba alipasuliwa wiki ya mwisho ya mwezi wa saba. Jicho la kushoto lilizima miezi minne baadaye. La kulia limeshikilia pale pale lilipokuwa, na kila jioni mama humtia matone yeye mwenyewe, kwa sababu hamwamini tena kwenye jambo hilo. Miaka miwili sasa. Porini baba anakwenda na kijana wa Shilinde anayeshika ngazi, na anaelekeza kila kitu kwa kelele.

Kutulia hajatulia. Mwaka jana alitaka kwenda Kigwa kuitazama treni inavyoingia stesheni, wakaenda. Mwezi wa nne alitaka kuona msitu wa huko Usinge, wakaenda, wakarudi na malaria wote wawili. Sasa anasema hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika, na mtu wa Tabora kufa bila kuliona ziwa hilo ni aibu. Wanaondoka Jumatatu kwa treni. Mama anasema ziwa ni maji tu, hata bwawani yapo. Lakini tangu juzi ameipiga pasi ile nguo yake ya safari mara mbili, na jana nilimkuta anamuuliza jirani kama Kigoma wakati huu kuna baridi.